Diwani Kwenye Kabati la Maziwa

Igamba, Mbozi
10 Juni 2024

Mkwe wangu Osea,

Barua hii isikutishe. Hakuna aliyekufa, ingawa Jumamosi tulikaribia.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu taratibu za ukoo wetu unazijua. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawasemezani mpaka kuku wa kufungulia mdomo apokelewe, akae hapa akiwa hai, na siku ya kufungua mkwe aje mwenyewe, aketi, ale, ndipo aseme. Simu ni mbaya kuliko kuonana, maana sauti inaingia sikioni kabisa. Wifi yangu Restuta, ambaye ni shangazi wa mkeo Rozi na ndiye msimamizi wa mambo haya, anasema hata ujumbe wa simu ni mdomo. Karatasi hajaikataza, na mimi sikumkumbusha.

Sasa nikueleze. Kikapu chako kilifika na bodaboda kutoka Mlowo, kimefunikwa kitenge kipya na kufungwa vizuri. Kina mama wa kanisa walikuwa wamekaa tangu asubuhi na vigelegele vyao tayari. Nikaweka mkono juu ya kifuniko nikasema "Nimepokea" kabla ya kufungua, kama inavyotakiwa, ili isionekane nachungulia kwanza ukubwa wa kuku. Nikasema tena. Wakapiga vigelegele. Nikafungua, nikakuta foronya ya maua imefungwa kwa kamba ya kiatu. Nikasema moyoni, kijana huyu ni msafi, hata kuku kamvisha foronya. Nikafungua kamba.

Yaliyofuata sitayaeleza yote. Restuta aliangukia maharage tuliyokuwa tumeanika. Mama mchungaji alipanda juu ya kichanja cha kahawa, kikavunjika mguu. Mimi nilibaki nimesimama peke yangu nimeshika foronya, na sasa kijiji kizima kinasema ni jasiri. Ukweli ni kwamba miguu ilikataa kwenda.

Ni nyoka, Osea. Wa kahawia, mrefu kama fimbo ya kuchungia, na alikuwa ananiangalia.

Nimeshasema nimepokea, mbele ya mashahidi. Kilichopokelewa hakirudishwi. Kwa hiyo ni wangu, na nimemweka kwenye kabati la maziwa, lile lenye wavu. Mwanangu Shadrack amelifunga mlango kwa waya. Maziwa yanalala chumbani kwangu.

Sikuulizi kwa nini. Mama mkwe haulizii zawadi. Nauliza tu anakula nini. Na kama kuna jambo ulitaka kutuambia kwa njia hiyo, tuambie waziwazi.

Mama mkwe wako,
Alinanuswe


Tunduma
12 Juni 2024

Kwako Mama ninayekuheshimu sana,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena.

Ni kweli, Mama, hiyo ni zawadi. Nilifikiri kwa muda mrefu. Kuku kila mkwe anapeleka, na kuku analiwa siku moja akasahaulika. Rozi alishaniambia jinsi panya wanavyokusumbua kwenye stoo ya mahindi, nikaona mama kama wewe unastahili kitu kitakachokufaa. Huyo ni nyoka wa nyumbani, hana sumu kabisa, na hajawahi kumng'ata mtu, isipokuwa fundi umeme mmoja aliyeingiza mkono bila kuuliza. Bwana maliasili alishamwona na kibali chake nakiambatanisha hapa.

Anaitwa Diwani. Nilimpa jina hilo kwa sababu haonekani siku zote ila siku ya kula.

Anakula panya mmoja kila baada ya wiki mbili. Maji awekewe kwenye bakuli zito, maana akipita hulipindua. Asikae juani wala kwenye upepo. Jioni anapenda kusuguliwa chini ya kidevu kwa kidole kimoja, lakini hilo si lazima, mimi tu nilikuwa nimemzoesha.

Rozi anakusalimu. Yeye amefurahi sana Diwani alivyoondoka. Mwaka mzima walikaa vizuri, halafu ghafla mwezi uliopita akasema harufu ya nyoka inamchafua tumbo, na nyoka mwenyewe hana harufu. Sasa hata samaki wa jirani anawalalamikia. Nadhani ni vumbi la malori ya hapa mpakani.

Pole sana kwa kichanja. Pole kwa shangazi na maharage.

Mkwe wako mtiifu,
Osea


Nanyala
14 Juni 2024

Osea,

Kikapu chako narudisha kwa konda wa Kosta pamoja na karatasi hii, maana simuni umenifokea mpaka nimeizima. Nakuandikia taratibu ili uelewe.

Wewe ulisema, "Abrahamu, nakutumia Diwani umtunze kwako, mke wangu hamtaki tena ndani." Nikakubali, ndiyo urafiki. Ukasema atakuja kwenye kikapu chenye kitenge. Kikapu kikaja. Hukuniambia kwamba siku hiyohiyo umetuma kikapu kingine kinachofanana nacho kwenda Igamba, wala kwamba vyote viwili umempa konda mmoja. Nikavaa buti za mvua na glavu za kazi, nikafungua, nikakuta kuku.

Nikamwambia mke wangu Tumaini, hiki ni chakula cha nyoka, nyoka mwenyewe anakuja na gari linalofuata. Tukangoja. Magari yakapita. Kuku akawa anatumalizia pumba. Jumapili Tumaini akasema, nyoka wa kula kuku mzima ana ukubwa gani huyo, mimi simtaki hapa. Tukaona afadhali tumalize chakula chake, ili akija akikosa, arudi kwenu. Alikuwa mtamu.

Kama mama mkwe wako amempokea Diwani na kusema ahsante, mimi naona Mungu anakupenda kuliko sisi wote. Wewe nyamaza hivyohivyo. Mimi sitamwambia mtu, hata Tumaini.

Abrahamu


Igamba
20 Juni 2024

Mkwe wangu Osea,

Panya wameanza kuhama. Shadrack alimpa mmoja, akammeza kuanzia kichwani, polepole, bila kuchafua mahali. Nimeona wageni wa harusi wasioweza kula hivyo.

Jina la Diwani hapa halitumiki. Diwani wetu ni mtoto wa shangazi yangu, na juzi alipita kuomba maziwa. Nilimwambia yamekwisha, akaliangalia kabati, nikamwambia kabati lina ufunguo uliopotea. Nyoka tunamwita Yule.

Sasa Yule anaumwa. Alianza kufifia rangi kama nguo iliyofuliwa kwa majivu. Baadaye macho yakaingia ukungu wa bluu, yote mawili, na ni wazi kwamba haoni. Amejikunja nyuma ya bakuli, na Shadrack akipita anampulizia pumzi ya hasira. Restuta alikuja na miwani yake akamchungulia kupitia wavu, akasema huo ni mtoto wa jicho, unaletwa na huzuni ya kuhamishwa. Akatoa dawa yake mwenyewe ya macho, akataka nimtie. Nikamwambia angoje nikuandikie, na kama ana haraka aingize yeye mkono. Amekubali kungoja.

Nakukumbusha utaratibu. Siku ya kufungua ni Jumapili ya tarehe 14 Julai. Zawadi ikifia hapa kabla ya siku hiyo, mdomo unabaki umefungwa na tunangoja mpaka mavuno mengine ya kahawa. Restuta anasema hata hapo wazee lazima waniulize kwa nini zawadi ya mkwe imekufa mikononi mwangu, kwamba labda sikuwa na moyo wa kumpokea.

Moyo ninao. Binti yangu ameolewa na mtu ambaye sauti yake nimeisikia siku moja tu, kanisani, aliposema "Ndiyo", na hata hiyo aliisema huku anakohoa. Ninataka kusikia iliyobaki.

Asife, Osea.

Mama mkwe wako,
Alinanuswe


Tunduma
22 Juni 2024

Kwako Mama,

Hafi wala haumwi. Anabadilisha ngozi. Ngozi ya zamani inaachana na mpya, na hata jichoni kuna kigamba chembamba kinachotoka pamoja nayo, ndiyo maana macho yameingia ukungu. Baada ya siku chache yatang'aa tena, utadhani amepona, kisha ndipo atajivua. Wakati huu hali chakula na hataki kuguswa. Tafadhali dawa ya macho ya shangazi irudi kwa shangazi.

Kinachonipa wasiwasi ni Juni ya kwenu. Baridi ile na upepo mkavu hukausha ngozi ikagoma kutoka. Kwa hiyo, Mama, nakuomba kabati lihamie karibu na jikoni, penye joto la wastani. Ndani muwekeeni boksi dogo lenye tundu, na ndani ya boksi kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa. Wekeni na jiwe lenye mikwaruzo. Atajisugua pua hapo, ngozi itaanzia mdomoni, halafu atatoka humo mwenyewe, na ngozi itabaki nyuma nzima, imegeuka ndani nje kama soksi.

Jambo moja nakuomba kuliko yote. Msimvute. Hata mkiona kipande kinaning'inia na mikono inawasha, msimvute.

Rozi ameomba aje kukusaidia. Nimeshangaa, maana alimkimbia nyoka huyohuyo hapa, na sasa anamfuata huko. Anasema anataka hewa ya nyumbani. Atakuja na barua hii. Naomba umwangalie, siku hizi analala mchana, jambo ambalo hakuwa nalo.

Mkwe wako,
Osea


Igamba
28 Juni 2024

Mkwe wangu Osea,

Kaa chini kabla hujasoma.

Ulisema unyevu. Sisi unyevu tunaujua. Kahawa ikishakobolewa inalala kwenye maji usiku, ule utelezi unalegea, asubuhi unasugua kiganjani ukisikia inakwaruza unajua iko tayari kuoshwa. Nikasema ngozi ni ngozi. Kitambaa kimoja kilichokamuliwa niliona ni ubahili. Macho yalipong'aa kama ulivyosema, nikamfunga kwenye gunia lililolowa nikamlaza kwenye kibanda cha kukobolea, juu ya sementi, mpaka asubuhi.

Nilisahau kwamba kahawa haisikii baridi.

Asubuhi alikuwa mgumu kama kamba ya mbuzi. Nilimkumbatia mimi, Osea, ndani ya kanga, pembeni ya jiko, mpaka alipoanza kutoa ulimi. Sikuwaza chochote, nilijikuta nimeshamkumbatia. Baada ya hapo ngozi ikaanza kutoka, lakini vipandevipande. Shadrack akaona kimoja kinaning'inia. Mikono ikamwasha.

Basi sasa hali ni hii. Mgongoni pamebaki viraka. Jicho la kushoto kigamba hakijatoka. Na mkiani, karibu na ncha, pamebaki pete ya ngozi iliyokauka, imembana, na ncha yenyewe naiona inaanza kuwa nyeusi. Shadrack amekwenda shambani na hataki kurudi mpaka aitwe. Restuta anasema anamsikia seremala wa jeneza. Nimemwambia nyoka hazikwi kwa jeneza, naye amenuna.

Rozi hana msaada wowote. Kazi yake ni kulala, na akiamka anakula ndimu kwa chumvi. Chai ya maziwa hataki hata kuinusa. Lakini usimtilie wasiwasi, anacheka vizuri.

Ningekuita, lakini ukikanyaga hapa kabla ya siku, kila kitu kinavunjika. Niambie la kufanya.

Alinanuswe


Tunduma
29 Juni 2024

Mama,

Nakuandikia nikiwa stendi, konda ananingoja.

Pete ile ikikaa, damu haitafika kwenye ncha na mkia utakatika. Kwa hiyo fanya hivi. Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yasizidi kiganja kwa kina, uyapime kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Mwache humo mpaka alegee, kichwa kikiwa nje. Kisha chukua taulo lenye unyevu, lishike kwa mikono miwili bila kubana, na umwache apite katikati yake mwenyewe. Yeye ndiye anavuta, wewe unashika tu. Akimaliza, mrudishe mwanzo apite tena. Ukifika mkiani, zungusha kwa vidole taratibu. Jicho usiliguse kabisa, hilo litajitoa.

Shadrack asishike. Ni lazima iwe wewe, Mama. Alishakaa kifuani kwako, harufu yako anaijua.

Na kama huwezi, sitakulaumu hata kidogo. Mpe Rozi amlete kwangu leoleo. Najua akitoka bomani kwenu mambo yamevunjika na mimi nabaki bubu mpaka mwakani. Nitabaki. Nilipohamia Tunduma kufanya ukarani wa mizigo sikumjua mtu hapa. Huyo alitokea kwenye mbao zilizotoka Zambia, vibarua wakataka kumponda, nikamwingiza kwenye mfuko wa koti langu. Miezi mingi ndiye peke yake aliyekuwa ananingoja nyumbani. Afadhali nikae kimya mwaka mzima kuliko akatike mkia.

Konda anapiga honi.

Osea


Igamba
2 Julai 2024

Mkwe wangu Osea,

Hajaenda kokote na mkia anao.

Nilifunga mlango wa jikoni. Nje alibaki Restuta anasali, na nilimsikia anamtaja kila nyoka wa kwenye Biblia kwa zamu, jambo lisilosaidia. Nikapima maji kwa kiwiko. Nikamweka. Alielea kidogo, akaniangalia kwa jicho lile moja zima, akaweka kidevu juu ya ukingo wa beseni, kama mzee anayeota jua. Basi nikakisugua kile kidevu kwa kidole kimoja. Ulisema si lazima, lakini nilikuwa nimekaa pale sina kazi.

Kwenye taulo mara ya kwanza nilibana kwa woga, akasimama. Nikalegeza, akapita. Unajua sikuwahi kujua kwamba ni mkavu na ana nguvu hivyo. Maisha yangu yote nimewaua kwa jembe nikidhani wana utelezi. Alipita, nikamrudisha, akapita tena, na viraka vikabaki kwenye taulo. Mkono ulipochoka alijizungushia kwenye kiwiko changu akangoja nipumzike. Hakuharakisha.

Katikati ya kazi nikaanza kumsemesha. Wewe siruhusiwi kukusemesha, nikamsemesha yeye. Nilimwambia kwamba baba yake Rozi alipofariki niliogopa binti yangu ataolewa na mtu mwenye kelele. Nilimwambia kwamba wewe siku ya ndoa viatu vyako vilikuwa vinakubana, nilikuona, na hukuvivua mpaka wazee wote walipoketi. Nilimwambia mambo mengi. Alikuwa anatoa ulimi tu.

Mwisho tukafika mkiani. Nilizungusha pete ile kwa kidole na gumba kama ulivyosema, ikawa haitoki, haitoki, nikalia kidogo, ikatoka. Ilikuwa ndogo kuliko pete ya mtoto. Ncha sasa ina rangi yake, ila imebaki na alama.

Nilipofungua mlango Restuta aliuliza kama amekufa. Yule alikuwa begani kwangu. Hatujamwona Restuta tangu jana.

Jicho sijaligusa. Nimekwaruza jiwe jipya nikamwekea.

Mama mkwe wako,
Alinanuswe


Tunduma
4 Julai 2024

Mama,

Barua yako nimeisomea ofisini na nimelazimika kumwambia bosi kwamba nina mafua.

Sijui nikushukuru vipi, na kushukuru kwa karatasi hakutoshi. Viatu vile nilikuwa nimeazima.

Nina ombi dogo, na ukilikataa nitaelewa. Baada ya tarehe 14, mdomo ukishafunguka, nikileta kuku mzuri, mnene, pengine wawili, je, utaratibu unaruhusu Diwani akae kwangu siku mojamoja? Si kumrudisha. Ni kuazimana tu, kwa ajili ya panya wa Tunduma.

Na Rozi je? Nikimwuliza simuni anarudi lini anasema "nitakuambia", halafu anacheka na kukata. Kama bado ni harufu ya nyoka, basi ombi langu la juu lifute. Yeye ndiye wa kwanza.

Mkwe wako,
Osea


Igamba
8 Julai 2024

Mkwe wangu Osea,

Kigamba cha jicho kimejitoa chenyewe. Nilikikuta juu ya jiwe, nimekihifadhi kwenye Biblia, kwenye Zaburi, mbali na Mwanzo.

Sasa tuongee kuhusu kuku.

Tarehe 16 Juni kwaya ya Nanyala ilikuja kuimba kwetu. Baada ya ibada, tukiwa tunamenya ndizi, mwimbaji mmoja anayeitwa Tumaini akatuchekesha sana na habari ya kuku aliyeletwa nyumbani kwao na kitenge, akakaa kumngoja nyoka ambaye hakufika mpaka leo. Yeye hakujua nyoka yuko wapi. Mimi nilijua, nikaendelea kumenya. Kwa hiyo kila ulichoniandikia kuhusu zawadi uliyoifikiria kwa muda mrefu, nilikuwa naujua ukweli wake. Niliamua kungoja nione utaubeba uongo huo mpaka wapi.

Ukaubeba mpaka tarehe 29. Siku ile ulisema utabaki bubu mwaka mzima ilimradi mkia upone, na hukujitetea kwa neno hata moja. Kumbe siku ya kwanza ulikuwa umeniachia kitu unachokipenda kuliko vyote ili nisiaibike mbele ya kina mama. Barua ile niliisoma mara nyingi, Osea. Nilikupenda hapo.

Restuta nimemwuliza kwa mfano tu, kama mkwe akituma kitu kwa bahati mbaya inakuwaje. Akasema kilichopokelewa ndicho kilichotolewa. Kwa hiyo Jumapili iko palepale, na jibu la ombi lako ni hapana. Zawadi ya mkwe hairudishwi, na haiazimwi, hata kwa kuku wanne.

Ila mali yangu naruhusiwa kuigawa kwa damu yangu. Nimeamua kumpa mjukuu wangu wa kwanza, na utamtunzia wewe huko Tunduma mpaka atakapoweza kufunga kamba ya foronya mwenyewe. Mama yake sasa hana tena neno na harufu, juzi amemlisha kwa mkono wake. Kwa hesabu yangu mjukuu huyo anakuja Januari. Kama mama yake bado hajakuambia, mpigie simu. Kwa mkeo unaruhusiwa.

Alinanuswe


Tunduma
9 Julai 2024

Mama,

Nimempigia.

Nimeanza barua hii mara kadhaa na kila mara inaishia hapo. Yaliyobaki nitayasema Jumapili, kwa mdomo.

Mwanao,
Osea